Keria ya baiskeli ya kufunga kwenye chuma cha tela: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamlenga mwenye gari la kawaida, iwe RAV4, Noah, Prado au Hilux, anayetaka kupeleka baiskeli mbili au tatu Hell's Gate, Lushoto au Bagamoyo bila kuzipandisha juu ya paa. Humu ndani "chuma cha tela" ni kile chuma kinachofungwa chini ya bampa la nyuma kwa ajili ya kukokota tela. "Gololi" ni kichwa chake cha duara, na "keria" ni kifaa kinachoibana gololi hiyo na kubeba baiskeli.

Ninunue kipi kwanza, chuma au keria?

Usinunue chochote kabla hujajua gari lako linaruhusu uzito gani. Tafuta namba mbili kwenye kitabu cha gari: uzito wa tela linaloruhusiwa kukokotwa, na uzito unaoruhusiwa kukandamiza gololi kwenda chini. Kwa keria, namba ya pili ndiyo inayoamua kila kitu. Kwenye chuma cha tela chenyewe kuna kibandiko au kibao kidogo cha bati, na uzito huo umeandikwa hapo kama S, kwa kilo. Magari madogo mengi huwa kati ya kilo 50 na 75. Magari makubwa ya chesi hufika 100 au zaidi.

Namba ya gari na namba ya chuma zikitofautiana, fuata iliyo ndogo. Chuma cha S 100 hakiligeuzi gari la kilo 60 kuwa la kilo 100.

Magari yaliyotumika kutoka Japani yana shida yake hapa, kwa kuwa kitabu mara nyingi ni cha Kijapani na hakisemi lolote kuhusu kukokota. Tafuta kitabu cha gari hilohilo, injini ileile na mwaka uleule, lililouzwa Ulaya, Australia au Afrika Kusini. Ukikuta mtengenezaji amekataza kukokota katika masoko yote, na hakuna kampuni ya vyuma vya tela inayotengeneza cha gari hilo, achana na mpango huu na ufikirie keria ya paa.

Kwenye kibao hichohicho kuna herufi D, yaani nguvu ya mvutano kati ya gari na tela ambayo chuma kinahimili, inayopimwa kwa kilonyutoni. Hupatikana kwa kuzidisha uzito wa juu wa gari kwa uzito wa tela, kugawanya kwa jumla ya vyote viwili, kisha kuzidisha kwa 9.81, uzito ukiwa kwa tani. Gari la tani 2 na tela la tani 1.5 hutoa karibu 8.4. Watengenezaji wengine wa keria hutaka D isipungue kiasi fulani, kwa hiyo soma kitabu cha keria pia.

Hesabu ya uzito inafanywaje?

Uzito wa keria, jumlisha uzito wa kila baiskeli, jumlisha kila kilichobaki juu ya baiskeli.

Keria ya jukwaa, yaani inayobeba baiskeli kwa magurudumu yake, ikiwa ya baiskeli mbili huwa na kilo 13 hadi 20. Baiskeli ya mbio ina kilo 7 hadi 10, ya milimani 12 hadi 15, na ya umeme 20 hadi 27. Black Mamba na zile za Phoenix za chuma kizito hupita kilo 20 kwa urahisi, na ukijumlisha kiti cha nyuma na stendi inazidi. Usikadirie kwa macho. Panda kwenye mizani ya bafuni umebeba baiskeli, kisha toa uzito wako.

Tuchukue gari la S 75. Keria ya kilo 18 na baiskeli mbili za umeme za kilo 25 kila moja ni kilo 68, unapita. Ukiongeza ya tatu kwenye keria ya kilo 20 unafika 95, na hapo huendi popote. Baiskeli tatu za milimani za kilo 14 kwenye keria hiyohiyo ya kilo 20 ni 62, sawa kabisa.

Keria nayo ina kikomo chake: jumla ya baiskeli zote, na kila mfereji (njia ambamo magurudumu ya baiskeli moja hukaa) peke yake. Keria ya jumla ya kilo 60 kwa kawaida ina kikomo cha kilo 30 kwa kila mfereji, kwa hiyo huwezi kuweka ya kilo 35 upande mmoja kwa hoja kwamba mwenzake ana 15.

Kilo 70 tu zinaweza kulisumbua gari linalobeba watu saba?

Zinaweza, kwa sababu zinakaa nyuma sana. Tuseme ekseli ya mbele na ya nyuma zimeachana mita 2.7, na katikati ya mzigo wa baiskeli ni mita 1.4 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 70 hapo zinaiongezea ekseli ya nyuma karibu kilo 106, na kuipunguzia ya mbele karibu kilo 36. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinapungua nguvu, na taa kubwa zinamulika machoni mwa wanaokuja.

Ndiyo maana buti lililojaa maji, hema na makreti pamoja na keria iliyojaa ni mzigo mbaya. Vitu vizito viweke mbele ya ekseli ya nyuma, sakafuni nyuma ya viti vya mbele. Pima upepo wa matairi ya nyuma na uuongeze kufikia kiwango cha mzigo kamili kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Springi zilizochoka zibadilishe kabla ya safari.

Keria za kuning'iniza, za jukwaa na za kuchomeka zinatofautianaje?

Ya kuning'iniza ni nguzo yenye mikono miwili, na baiskeli huning'inia kwa bomba la juu la fremu. Ni nyepesi na rahisi bei. Lakini baiskeli huyumba na kusuguana, fremu isiyo na bomba la juu haikai mpaka uongeze fimbo ya ziada, na nyingi hazina taa wala mahali pa kibao cha namba. Kwa lami na safari fupi inatosha. Kwa barabara ya vumbi yenye mikunjo, hatuishauri hata kidogo.

Ya jukwaa hubeba baiskeli kwa magurudumu yake. Kila gurudumu linakaa kwenye mfereji na kufungwa kwa mkanda, na mkono mmoja unashika fremu ili isianguke. Ina taa, plagi na nafasi ya namba. Thule ya Uswidi na Uebler na Westfalia za Ujerumani hutengeneza za aina hii. Kama bajeti inaruhusu, nunua ya jukwaa.

Ya kuchomeka huingia kwenye bomba la mraba badala ya kubana gololi. Bomba hilo ni la mtindo wa Marekani na Australia, na linapatikana kwenye Land Cruiser na pikapu nyingi. La kawaida lina nafasi ya inchi 2, yaani karibu milimita 50 kwa 50, na pini ya inchi 5/8. Dogo lina inchi 1¼ na pini ya inchi ½. Keria ya bomba kubwa haiingii kwenye dogo. Ubora wake ni kwamba haiwezi kuzunguka, kwa kuwa imeshikwa na pini. Kasoro yake ni kucheza ndani ya bomba, kwa hiyo hakikisha ina bolti ya kuondoa kucheza huko.

Mlango wa nyuma utafunguka?

Angalia hili kabla ya kulipa. Keria zinazoinama zinauzwa kwa hoja kwamba unakanyaga pedeli, baiskeli zinalala nyuma, na buti linafunguka. Hiyo ni kweli kwa mlango unaonyanyuka juu.

Kwa mlango unaofunguka kando kama wa Prado 120 na 150, Pajero, Jimny na RAV4 za kabla ya kizazi cha 2013, kuinama hakusaidii. Mlango unapita upande ambako keria imesimama. Hapo unahitaji keria inayozunguka kando kama geti, au ukubali kupakua baiskeli kila unapotaka kufungua. Tena tairi la akiba lililo mlangoni linaweza kugusa baiskeli ya kwanza. Pima kutoka katikati ya gololi hadi sehemu ya nje kabisa ya tairi, kisha linganisha na kipimo cha keria.

Hilux na pikapu nyingine zina mlango unaoshuka, na Land Cruiser 100 na 200 zina kipande cha chini kinachoshuka. Kikigonga keria kinapinda chenyewe au kinaharibu taa. Kama gari lako lina buti la kujifungua kwa kitufe, zima mfumo huo keria ikiwa imefungwa.

Keria itahimili barabara ya changarawe na matuta?

Namba za uzito zilizoandikwa kwenye keria zimehesabiwa kwa barabara ya lami, na baadhi ya watengenezaji hukataza kabisa kuitumia nje ya barabara. Mtikisiko huongeza nguvu zinazofika kwenye gololi, na kwa kuwa mzigo uko nyuma ya gololi, kila shimo linajaribu kuizungusha keria kwenda chini. Kwenye changarawe nzito punguza mzigo: keria ya baiskeli tatu ibebe mbili, nzito ikiwa karibu na gari. Hatubebi baiskeli nne kwenye barabara za namna hiyo hata kama S inaruhusu.

Tuta lipite taratibu, kasi ya mtu anayetembea kwa haraka, na usilipite kwa mshazari. Fahamu pia kwamba nyuma ya gari sasa imeshuka na kurefuka. Ukitoka kwenye mtaro au kivuko cha mto, keria ndiyo itakayogusa ardhi kwanza.

Nichague chuma cha tela cha aina gani?

Kuna chenye shingo ya kudumu iliyopinda kama shingo ya bata. Kipo chenye shingo inayotolewa kwa ufunguo. Kipo chenye bamba la wima ambalo gololi inafungwa kwa bolti mbili za M16 zilizoachana milimita 90. Na kipo cha bomba la mraba tulichokwisha kusema.

Kwa keria ya kubana, shingo ya kipande kimoja ndiyo bora. Taya za keria zina nafasi ya kushika, na hakuna kinacholegea chini yake. Gololi ya bolti mbili inafaa kwa baadhi ya keria tu, kwa sababu bamba linaweza kuzuia taya zisishuke vizuri. Gololi yenye mguu wa skrubu iliyokazwa kwa nati moja chini ya bamba la mlalo ndiyo mbaya zaidi: keria ikitikisika, gololi nzima inaweza kuzunguka kwenye tundu lake.

Gololi ya Ulaya na Afrika Mashariki ina kipenyo cha milimita 50. Ya Marekani ya inchi 2 ni milimita 50.8, na ipo ndogo ya inchi 1⅞. Kipimo kimechongwa juu ya gololi, na tofauti ya milimita 0.8 inatosha kuharibu mbano. Gololi iwe ya chuma cha kufua, cha daraja la St52 au kigumu zaidi. Ya alumini, au ya chuma cha kumimina cha GGG40, hairuhusiwi kwa keria za kubana.

Tafuta pia alama ya E ndani ya duara na namba ya idhini. Inaonyesha kwamba chuma kimepimwa kwa kanuni namba 55 ya Umoja wa Mataifa kuhusu viungio vya magari.

Fundi wa mtaani anaweza kunichomelea?

Kwa gari lisilo na chesi tofauti, yaani Noah, RAV4, Fielder na karibu magari madogo yote, hapana. Mihimili ya nyuma ni bati jembamba lililokunjwa. Joto la kuchomelea hulilegeza bati hilo pembezoni mwa mshono, huunguza dawa ya kuzuia kutu iliyo ndani ambako hutafika kupaka tena, na ufa huanzia hapohapo. Kwa gari la chesi kama Hilux, fundi mzuri anaweza kutengeneza chuma imara, lakini kifungwe kwa bolti zinazopita kwenye matundu ya chesi, kisichomelewe kwenye chesi yenyewe. Hata hivyo chuma hicho hakina S wala D inayojulikana, na ajali ikitokea bima itauliza. Ushauri wetu ni kununua kilichotengenezwa kwa gari lako na kumlipa fundi akifunge.

Wajulishe watu wa bima kwa maandishi kabla ya kufunga.

Nikitaka kujifungia, kazi inakwendaje?

Tenga siku nzima kwa mara ya kwanza, na mtu wa pili wa kushika, kwa sababu chuma chenyewe huwa kilo 15 hadi 30. Vifaa: boksi ya spana hadi namba 24, spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) inayofika Nm 200, stendi mbili za jeki, vizuizi vya magurudumu, bisibisi za klipu za plastiki, drili yenye biti za chuma, brashi ya waya, rangi ya zinki na nta ya kuzuia kutu.

Egesha pakavu na pa sawa. Kaza breki ya mkono na uzuie magurudumu ya mbele. Ukipandisha gari, lilaze juu ya stendi, kamwe usiingie chini likiwa juu ya jeki peke yake. Ondoa waya wa hasi wa betri.

Kisha hesabu kila kilichomo kwenye boksi dhidi ya orodha. Bolti iliyokosekana utaigundua sasa, siyo jioni bampa likiwa sakafuni.

Toa taa za nyuma kama zinaficha skrubu, toa klipu za chini na ndani ya matao ya magurudumu, halafu vuta bampa nje kwa upole ukianzia pembeni. Mtu wa pili alishike, na waya za taa ya namba na sensa zichomolewe kabla bampa halijaanguka nazo. Nyuma yake utaona boriti ya kuzuia mgongano. Kwenye magari mengi chuma cha tela kinachukua nafasi yake na boriti ya zamani hairudi. Kwenye mengine inarudi juu yake. Maelekezo ya boksi ndiyo yanayoamua.

Mara nyingi lazima uning'inize ekzosi chini kwa kutoa raba zake. Paka maji ya sabuni, zitatoka bila kupasuka. Kama tairi la akiba linaning'inia chini ya sakafu, lishushe pia, na ukimaliza kazi hakikisha bado linashuka bila kukwama kwenye chuma kipya. Hili husahaulika sana, na linajulikana siku ya pancha.

Sasa sehemu ambayo watu huiruka: kwangua lami ya kuzuia kutu, rangi nene na matope mahali pote chuma kitakapokutana na bodi. Ukiacha tabaka laini katikati, litabonyea na kupungua unene baada ya kilomita mia chache, na bolti uliyoikaza vizuri itakuwa imelegea yenyewe. Paka rangi nyembamba ya zinki, basi.

Ingiza mikono ya chuma ndani ya mihimili au pembeni yake, kadiri kilivyotengenezwa. Weka bolti zote kwa mkono tu, zikiwa legevu. Ukikaza moja kabla ya nyingine, ya mwisho haitaona tundu lake. Ukilazimika kutoboa, toboa tundu dogo kwanza, panua hatua kwa hatua, ondoa makapi ya chuma, paka zinki kwenye kingo na nyunyiza nta ndani ya mhimili. Makapi yaliyobaki ndani ni mbegu ya kutu. Matundu yaliyo upande wa sakafu ya buti yazibwe kwa silikoni, vinginevyo moshi wa ekzosi na maji vitaingia ndani.

Weka chuma katikati kwa kupima kutoka kila gurudumu, kisha kaza kwa torki kuanzia bolti za katikati kwenda nje. Kata bampa kama kiolezo kinavyoonyesha. Bandika tepu ya karatasi juu ya mstari kwanza, na kata kidogo kuliko alama. Kuongeza tundu ni rahisi, kulipunguza haiwezekani.

Mwisho pima kimo. Gari la kawaida likiwa na mzigo, katikati ya gololi iwe milimita 350 hadi 420 kutoka ardhini. Magari ya porini huruhusiwa kuwa juu zaidi.

Bolti zikazwe kiasi gani?

Fuata karatasi ya boksi. Kama haipo, hivi ni viwango vya kawaida vya bolti kavu: M10 ya daraja 8.8 karibu Nm 50, M12 ya 8.8 karibu Nm 80, M12 ya 10.9 karibu Nm 120, na M16 ya 8.8 karibu Nm 200. Daraja limechongwa kichwani. Bolti isiyo na alama yoyote isiingie kwenye kazi hii. Nati zenye plastiki ndani hutumika mara moja tu.

Rudi na spana ya torki baada ya kilomita 1000. Ukikuta bolti imezunguka zaidi ya robo, chunguza kama lile tabaka la rangi liliachwa.

Waya za plagi zinaungwa wapi?

Plagi ya matundu 7 ndiyo ya kawaida kwetu na inatosha keria. Keria nyingi za Ulaya huja na plagi ya matundu 13. Adapta ndogo hutatua hilo. Mpangilio wa matundu 7 ni huu:

1: indiketa ya kushoto, njano
2: taa ya ukungu ya nyuma, buluu
3: hasi, nyeupe
4: indiketa ya kulia, kijani
5: taa ndogo ya kulia, kahawia
6: breki, nyekundu
7: taa ndogo ya kushoto, nyeusi

Rangi hizo ni za waya za plagi. Waya za gari lako zina rangi zake, kwa hiyo tumia taa ya kupimia na mwenzako akanyage breki na kuwasha indiketa moja moja.

Kwenye gari la zamani lenye balbu za kawaida unaweza kuunga moja kwa moja nyuma ya taa, kwa kuchomelea kwa risasi na kufunika kwa mpira wa kusinyaa. Vile viungio vya kubana vinavyokata ganda la waya huingiza maji na kutu ya kijani ndani ya msimu mmoja wa mvua. Kwenye gari linalochunguza balbu zake kwa kompyuta, au lenye taa za LED, usiguse waya za taa. Nunua moduli inayochukua ishara tu na kupata umeme wake moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 15. Balbu ya wati 21 hutumia karibu ampea 1.75. Sakiti ya LED haikutengenezwa kwa mzigo huo, na ukiulazimisha unaweza kuunguza kompyuta ya bodi.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yana jambo lingine: mara nyingi breki na indiketa hutumia balbu moja nyekundu. Hayo yanahitaji kibadilishi cha ishara kabla ya plagi.

Taa za keria zinafanya vituko, tatizo liko wapi?

Ukiwasha indiketa na taa zote zikapepesa kwa unyonge, waya wa hasi ni mbovu. Umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu nyingine. Safisha mahali unapofungwa hadi chuma cheupe, funga upya, paka grisi juu.

Indiketa inayopepesa haraka sana ina maana balbu imeungua, au keria ni ya LED na gari halioni mzigo. Indiketa isiyopepesa kabisa kwenye gari la zamani inaashiria rilei dhaifu. Badilisha na ya kubeba tela. Upande mmoja umezimika wote? Angalia fyuzi kwanza, kisha mguu wa plagi uliolala. Sensa za kurudi nyuma zinazolia muda wote zinaiona keria. Moduli nyingi za gari husika huzizima plagi inapochomekwa, na kwa nyingine utazizima kwa kitufe.

Kibao cha namba nikifanyeje?

Baiskeli zikificha namba au taa, ni kosa, kwetu na kwingineko. Uingereza faini inaweza kufika pauni 1,000. Njia rahisi isiyo na utata ni kuhamisha kibao chenyewe cha nyuma hadi kwenye keria, ukifunge kwa skrubu na siyo kwa klipu tu, na kukirudisha safari ikiisha. Usichongeshe cha tatu mtaani. Vibao hutolewa na mamlaka, Kenya ikiwa NTSA na Tanzania TRA, na cha kuchongesha kitakuletea maswali magumu kwenye kizuizi cha polisi.

Keria inabanwaje kwenye gololi?

Gololi iwe kavu na safi kabisa. Grisi inayopendwa na tela ni adui wa keria, kwa sababu keria inashikiliwa na msuguano. Ifute kwa petroli au spiriti. Gololi yenye rangi mpya ikwanguliwe, kwa kuwa rangi huvuliwa na taya na mbano hulegea.

Weka keria juu, isawazishe kwa macho na mstari wa bampa, kisha shusha mkono wa kubana. Unapaswa kuhitaji nguvu ya mwili mzima mwishoni. Ukishuka kwa kidole, mbano ni mdogo: geuza skrubu ya kurekebisha nusu mzunguko, ujaribu tena. Kisha shika ncha za keria uitikise kushoto na kulia. Gari zima litikisike pamoja nayo. Keria ikizunguka peke yake hata kidogo, haijakaa.

Funga kwa ufunguo na utoe ufunguo. Kwenye njia mbovu ongeza mkanda wa rachet kutoka keria hadi pete ya chuma cha tela.

Baiskeli zipangwe vipi?

Nzito kabisa iwe karibu na gari, nyepesi nje. Geuza kila ya pili kichwa mkia ili usukani usigombane na kiti. Toa betri ya umeme, ambayo pekee ni kilo 2.5 hadi 4, pamoja na pampu, chupa, vikapu na kiti cha mtoto. Mkanda wa gurudumu upite katikati ya spoku, ukazwe hadi tairi libonyee kidogo.

Fremu ya kaboni isibanwe kwa taya ngumu. Tumia taya yenye kikomo cha torki, au keria inayoshika gurudumu badala ya fremu. Kitambaa kilichofungwa pale hakizuii kupasuka. Matairi mapana kuliko inchi 3 yanahitaji mikanda mirefu inayouzwa kando. Angalia pia tundu la ekzosi: tairi lililo sentimita chache mbele yake huyeyuka.

Usifunike baiskeli kwa turubai. Upepo hulijaza na kuongeza nguvu nyuma ambazo keria haikutengenezewa. Kwa vumbi, funga mfuko mdogo kwenye kifaa cha gia tu.

Niende kasi gani, na nisimame lini?

Keria nyingi za jukwaa zina kikomo cha kilomita 130 kwa saa, lakini 80 hadi 100 kwenye lami ndiyo kasi ya busara, na kwenye changarawe 40 au chini. Simama baada ya kilomita 10 hadi 20 za kwanza. Jaribu mkono wa kubana na kila mkanda. Rudia kila unapoweka mafuta, na kila unapotoka vumbini kurudi lamini.

Ukiwa huna baiskeli, toa keria nyumbani.

Keria ya mtumba ni salama?

Inaweza kuwa, ukiikagua mwenyewe. Omba funguo zake kwanza. Angalia nyufa kwenye plastiki ya taya na kwenye mshono wa bomba, taya zilizolika zikawa laini, na chumvi nyeupe au kijani ndani ya plagi. Mikanda iliyochakaa hubadilishwa kwa bei ndogo. Taya zilizolika ni sababu ya kuondoka. Kama kibandiko cha uzito kimetoka na hakuna kitabu, tafuta namba ya modeli kabla ya kulipa.

Naweza kukokota tela huku keria ikiwa imefungwa?

Hapana. Gololi ni moja na keria imeishaichukua. Vipo vyuma vya bolti mbili vinavyoruhusu bamba la keria lifungwe nyuma ya gololi, lakini uzito wa baiskeli na uzito wa pua ya tela vyote vinaingia kwenye S ileile moja, na baiskeli zitagonga tela kwenye kona kali.